Siku 9 Andes na kundi la watu 12: kiongozi nampa kumi kwa kumi, ofisi yake bado

Nimeongoza wageni Kilimanjaro miaka kumi na moja sasa, kwahiyo niseme mapema kwamba Peru nilienda na macho ya mtu wa kazi, siyo ya mtalii peke yake. Mdogo wangu wa kike anaishi Toronto, yeye ndo alilipa nusu ya gharama, akaniambia kaka kila mwaka unapandisha watu wengine mlimani wapige picha, mara hii na wewe upelekwe. Tukakutana Lima mwanzoni mwa Juni, tukapanda ndege hadi Cusco, na kule tukaungana na kundi la watu 12 kwa safari ya siku 9 ya mazingira na utamaduni: bonde takatifu la mto Urubamba, vijiji vya wafumaji, wakulima wa viazi, msitu wa juu mlimani, kulala kwenye nyumba za wenyeji na mwisho Machu Picchu, ule mji wa mawe wa Wainka, watawala wa Andes kabla ya Wahispania. Dola 1,450 kila mmoja, ndege hazimo. Jina la kampuni siliweki hapa, ni ofisi ndogo ya pale Cusco na kuna mambo nawalalamikia ambayo nimeshawaandikia wenyewe. Ninachotaka ni wewe unayefikiria kwenda ujue uulize nini kabla hujatoa hela.

Kabla sijafika Cusco nigusie Lima kidogo, maana ni jambo lililonigusa na halikuwa kwenye ratiba ya mtu. Mama yangu jumuiya yake pale Marangu ni ya Mtakatifu Martin wa Porres, picha yake na ule ufagio nimeiona tangu mdogo, ila sikuwahi kuweka akilini kwamba huyu mtu ni wa Lima, alizaliwa 1579, mama yake mwanamke mweusi aliyeachwa huru kutoka utumwani. Kaburi lake liko kwenye konventi ya Santo Domingo katikati ya mji. Tulikaa pale kama nusu saa, nikampigia mama video, akalia, na mimi nikashindwa kuongea. Kama ni Mkatoliki na unapita Lima usiache.

Sasa Cusco. Hapa ndo kosa la kwanza la ofisi na kwangu ni kosa kubwa. Lima iko baharini kabisa, Cusco iko mita 3,400 hivi, na ndege inakufikisha kwa saa moja na kidogo. Sisi tumetua saa nne asubuhi, saa nane mchana ratiba inasema tupande Sacsayhuamán, ile ngome ya mawe makubwa juu ya mji, ambayo inakaribia mita 3,700. Wenzangu mnaofanya kazi njia ya Marangu ya Kilimanjaro mnanielewa: siku ya kwanza tunalala kituo cha Mandara, mita 2,720, na kituo cha Horombo ambacho ni 3,720 tunafika siku ya pili tena kwa miguu, mwili umeshaanza kuzoea. Hawa wametutoa pwani asubuhi na mchana tuko kimo cha Horombo tunapanda ngazi. Jioni mdogo wangu kichwa kinapasuka, anatapika, usiku hoteli ikaleta mtungi wa oksijeni. Watu wanne kati ya 12 hawakula chakula cha usiku. Na dawa yake ni rahisi tu wala haiongezi gharama, kutoka uwanja wa ndege unashuka moja kwa moja bondeni, Urubamba iko chini ya mita 2,900, unalala kule siku mbili tatu halafu Cusco unaiacha mwisho. Kiongozi wetu alisema hivyohivyo, akasema ameshaiambia ofisi. Kwahiyo swali la kwanza la kuuliza kampuni yoyote: usiku wa kwanza tunalala wapi na kimo gani? Wakikujibu Cusco na kuna matembezi mchana huohuo, omba wabadilishe.

Kiongozi mwenyewe ni baba wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa kijiji cha bonde la Lares, Kikechua ndo lugha aliyonyonya, Kihispania kajifunza shuleni na Kiingereza kajifunza kwa wageni kama sisi wengi tulivyojifunza. Usiku ule alikaa na mdogo wangu hadi saa saba, anampa chai ya majani ya koka kidogokidogo na anamhesabia pumzi. Asubuhi akasimama mbele ya kundi akasema neno moja la Kikechua, allillamanta, yaani taratibu, kwa uangalifu. Nikamwambia kwetu tunasema polepole na kila mgeni anayepanda Kilimanjaro analijua hata kama Kiswahili kingine chote hajui. Akacheka sana, kuanzia hapo njia nzima tukawa tunaitikiana, yeye anaanza allillamanta mimi namalizia polepole, hadi Wabrazili wa kwenye kundi wakawa wanaimba yote mawili.

Na yeye alianza kama mpagazi. Alibeba mizigo kwenye njia ya Inca, ile ya miguu ya kwenda Machu Picchu, kabla ya sheria ya wapagazi ya 2001, ile iliyoweka kikomo cha kilo 20, anasema enzi hizo ulibeba unachopewa, kilo arobaini na zaidi, unalala popote, unakula kilichobaki. Kilo 20 ni kikomo tunachokijua hata sisi kwenye mizani ya getini. Tuliongea mambo haya jioni mbili tatu na nilijiona niko Moshi nimekaa na wagumu, wapagazi wenzangu wa mlimani. Ndo maana nasema kwenye safari ya aina hii kiongozi ndo safari yenyewe. Milima utaiona na kampuni yoyote.

Siku ya pili na ya tatu tulikuwa upande wa Pisac, na siku ya tatu ndo iliyonifanya niandike haya yote. Juu ya Pisac kuna Parque de la Papa, hifadhi ya viazi, inaendeshwa na vijiji vya Kikechua vyenyewe vimeungana, wana aina zaidi ya 1,300 za viazi. Mimi nilikuwa najua viazi mviringo na viazi vitamu, basi. Mama mmoja akamwaga kitambaa chini kikiwa na viazi labda aina sitini, vya zambarau, vyeusi, vyekundu ndani na vyeupe nje, virefu kama kidole, vyenye vinundu kama ngumi, na kila kimoja kina jina na kazi yake, hiki cha supu, hiki cha kuchoma, hiki cha kukausha. Kuna kimoja kimejaa mabonde na vinundu, jina lake maana yake ni kinachomliza mkamwana, kwa sababu zamani mama mkwe alimpa binti akimenye na wamwangalie mkono wake. Akina mama kwenye kundi letu wote wakaomba wajaribu kumenya na hakuna aliyeweza.

Kilichonivutia zaidi ni historia ya hizo mbegu. Aina nyingi zilikuwa zimeshapotea mashambani, ila Kituo cha Kimataifa cha Viazi kule Lima walikuwa wamezihifadhi tangu miaka ya nyuma, vijiji vikadai, na 2004 wakasaini makubaliano vijiji virudishiwe aina 410 za kwao. Yaani wamepewa mbegu za babu zao zimesafishwa magonjwa, na leo wanazipanda. Na wanasema wazi kwamba joto limebadilika, viazi ambavyo wazee walipanda chini sasa wanavipanda juu zaidi mlimani kwa sababu chini wadudu na joto vinavishinda. Nikauliza mkifika juu kabisa je, mama akaangalia mlima akasema baada ya pale ni mawe. Sikuwa na la kusema, na mimi natoka chini ya mlima ambao barafu yake zaidi ya asilimia 80 ya ile ya 1912 imeshaondoka.

Chakula cha siku ile kilikuwa watia. Juni ni msimu wa kuvuna kwahiyo tulibahatika: wanajenga tanuri dogo shambani kwa mabonge ya udongo, wanawasha moto ndani hadi mabonge yanakuwa mekundu, wanatia viazi, halafu wanaliangusha tanuri lote juu ya viazi na kufunika na udongo. Baada ya muda unafukua unakula na jibini na pilipili ya kusaga. Kabla ya kula, kiongozi na wazee walichukua majani matatu ya koka wakayapulizia wakielekea milimani, wanaita majina ya milima mmoja mmoja, kila mlima mkubwa kwao ni apu, ni kama mzee wa kuheshimiwa, na chicha wanamwaga kidogo chini kwa ajili ya Pachamama, ardhi yetu mama. Chicha ni pombe ya mahindi yaliyoota. Mchaga yeyote akiona hiki kitendo hahitaji mkalimani, wazee wetu mbege waliimwaga hivyohivyo kabla ya kunywa. Na nyumba inayouza chicha utaijua kwa mti mrefu wenye kitu chekundu juu yake mlangoni, siku hizi ni mfuko wa plastiki mwekundu tu, ukiuona ingia.

Siku ya nne ni Moray, Maras na Chinchero, na hapa nagawanya. Maras ni chumvi, na ni pazuri mno. Chemchemi ndogo ya maji ya chumvi inatoka mlimani, mkondo wenyewe siyo mpana kuliko mfongo, mfereji wa maji wa nyuma ya nyumba yetu, na inagawanywa kwenye vidimbwi zaidi ya 3,000 vilivyopangwa kama ngazi kwenye bonde, vyeupe, vya pinki, vya kahawia. Familia za kijiji ndo wamiliki wa vidimbwi na maji yanaingia kwa kufungua na kuziba vijishimo kwa zamu. Mtu aliyekulia Uchagani anajua zamu ya maji ni nini, anajua ugomvi wake pia. Nilimuuliza kijana mmoja aliyekuwa anakwangua chumvi kama watu hugombana maji, akasema kila mwaka. Ila walikuwa wanatembeza watu juu tu, vidimbwini hapashukwi tena, na nakubaliana nao.

Moray sitaongea sana, ni matuta ya duara yanayoshuka kwenye shimo kubwa, wengi wanaamini Wainka walijaribia mazao pale kwa sababu chini na juu joto linatofautiana. Inapendeza kwa macho, dakika arobaini zinatosha.

Halafu ofisi ikaharibu. Kati ya Moray na Chinchero gari lilisimamishwa kwenye maduka mawili makubwa ya barabarani, moja la fedha na moja la nguo wanazoita za sufu ya alpaka mchanga, yule mnyama wa Andes, dakika hamsini kila moja, na wauzaji wanakufuata hadi chooni. Haikuwa kwenye ratiba. Kiongozi alikaa nje kwenye gari, uso wake ulitosha kunionyesha ni amri ya ofisi. Nawajua hawa, biashara ya kamisheni ipo hata Arusha na sijawahi kuipenda, kwa sababu muda ule unaibwa kwa watu wa kweli. Tulipofika Chinchero kwa akina mama wafumaji tulikuwa na saa moja tu wakati tuliahidiwa mchana mzima.

Na ile saa moja ilikuwa dhahabu. Wanaosha sufu kwa mzizi unaotoa povu kama sabuni, wanasokota uzi kwa pia huku wanatembea na kuongea, halafu wanapika rangi. Nyekundu inatoka kwa mdudu mdogo mweupe anayekaa kwenye mpungate, unamponda kiganjani anatoa damu nyekundu iliyokolea kabisa, ukitia limau inageuka rangi ya chungwa, ukitia chumvi ya madini fulani inakuwa zambarau. Kufuma kwenyewe uzi umefungwa kwenye mti upande mmoja na upande mwingine umefungwa kiunoni kwa mfumaji, yeye mwenyewe ndo anavuta kwa mwili wake, na michoro yote iko kichwani, hakuna karatasi. Binti wa miaka kama kumi alikuwa anafuma mkanda mwembamba pembeni ya bibi yake, akikosea bibi anafumua bila kusema neno. Nilinunua kitambaa cha mezani soles 180, hela ya Peru, mama akaniambia ni kazi ya wiki tatu, nikaona aibu hata kuuliza kama inapungua. Kwa yeyote atakayeenda, hela ya zawadi ifiche uje uitumie hapa, siyo kule barabarani.

Siku ya tano tulipanda Mantanay kwenye msitu wa kenwa. Naomba mnivumilie hapa kwa sababu miti ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote. Hii miti inaota kimo ambacho kwetu umebaki na wale senesio wakubwa wa kambi ya Barranco na majani makavu tu, gamba lake ni jekundu na linabanduka kama karatasi, tabaka juu ya tabaka, linajikinga na baridi ya usiku. Imekatwa karne nyingi kwa kuni na malisho, imebaki vipande vipande. Kiongozi alituonyesha miche iliyopandwa na wanakijiji, kazi iliyoanzishwa na shirika la ECOAN ambalo mwanabiolojia wa Cusco Constantino Aucca Chutas aliliunda mwaka 2000, na 2022 Umoja wa Mataifa ukampa tuzo ya Mabingwa wa Dunia. Nilipenda namna inavyofanyika: siku ya kupanda kijiji kizima kinapanda mlima na miche mgongoni, ngoma na zumari, wazee na watoto, kwa utaratibu wao wa asili wa kufanya kazi kwa pamoja. Wana maneno mawili, ayni ni leo nakulimia wewe kesho unanilimia mimi, na minka ni kazi ya kijiji kizima, huo ndo msaragambo wetu kabisa. Tuliona ndege wavumaji wakubwa karibu kama shomoro wawili, wanaganda hewani wananyonya maua, na kondori mmoja juu sana, mabawa yanazidi mita 3 lakini kwa umbali ule alikuwa mstari mweusi tu. Mwanamke mmoja wa Uholanzi alikaa chini akaanza kulia na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Siku ya sita na ya saba bonde la Lares kwa miguu, tukavuka njia ya juu inayozidi mita 4,400, mizigo inabebwa na farasi na wenye farasi ni vijana wawili wa kijijini. Hapa nina lalamiko la tatu. Usiku wa kambi nilienda kusalimia wale vijana, tabia ya kazi, nikakuta hema lao limechanika pembeni na wamelalia magunia, baridi ile ya Juni maji kwenye ndoo yaliganda. Sisi kwenye hema letu tuna magodoro mawili mawili. Nikamwambia kiongozi, akanyanyua magodoro ya akiba yote na blanketi lake mwenyewe akawapelekea, na chakula walikula kilekile tulichokula sisi na kwa wakati uleule, hilo alikuwa analisimamia tangu mwanzo. Lakini hema ni la ofisi, na ofisi inayochukua dola 1,450 kwa kichwa inaweza kununua hema. Muulizeni kampuni yako wabeba mizigo na wenye farasi wanalala kwenye nini. Wakishangaa swali, jibu umeshalipata.

Usiku wa pili tulilala nyumbani kwa watu. Nyumba za udongo, jiko la kuni, na simbilisi wanakimbia sakafuni jikoni, wale wa Iringa na ndugu zetu wa Kivu mtajisikia nyumbani, kule ni kitoweo cha sikukuu na cha mgeni wa heshima. Mdogo wangu hakula, mimi nilikula, nyama yake tamu iko karibu na sungura, ngozi inakauka vizuri. Wageni wanapangwa kwa zamu nyumba kwa nyumba, na malipo mama wa nyumba alipewa mkononi mbele yetu, akahesabu, akafunga kwenye kitambaa chake. Napenda sana hiyo kwa sababu hakuna anayebaki anajiuliza hela ilienda wapi. Zawadi za kupeleka kiongozi alituchagulia sokoni, mikate ya Cusco ile mikubwa, machungwa, majani ya koka, sukari. Pipi alikataza, alisema daktari wa meno yuko mbali na watoto ndo wanateseka. Kulikuwa na jamaa mmoja wa kundi letu aliyekuwa anarekodi wanawake bila kuwaomba, kiongozi alimshika bega akamwambia taratibu, muulize kwanza, mimi nitakutafsiria. Jamaa aliomba radhi na akafuta.

Baada ya chakula, jikoni pale, mzee mwenye nyumba alituhadithia Qoyllur Riti, hija kubwa ya milimani inayofanyika kabla ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Zamani wale wanaume wanaovaa mavazi ya dubu walipanda kwenye barafu usiku wakakata mabonge wakayashusha mgongoni, maji yake ni dawa na baraka kwa kijiji. Siku hizi wameacha kukata. Wenyewe waliona barafu inarudi nyuma kila mwaka, wakaamua. Wanapanda, wanasali, wanashuka mikono mitupu. Nilimwambia mzee kupitia kiongozi kwamba na mimi nimeona barafu ya mlima wetu ikipungua kwa macho yangu, kuna ukuta wa barafu nilikuwa nawaonyesha wageni nilipoanza kazi na leo nawaonyesha mahali ulipokuwa. Mzee alinyamaza muda mrefu halafu akaniongezea chai ya munya, majani ya kule milimani, bila kusema kitu.

Machu Picchu sasa, na lalamiko la mwisho. Tulipanda treni Ollantaytambo, mji wenyewe mzuri sana, mifereji ya mawe ya Wainka bado inapitisha maji mitaani hadi leo, treni kama saa moja na nusu na zaidi hadi mji ulio chini ya mlima, kulala, asubuhi basi. Mjue kwamba tiketi sasa zina mizunguko mitatu tangu 2024 na ukishapewa mzunguko wako huruhusiwi kwenda mwingine. Ile picha ambayo kila mtu anaijua, mji wote chini na mlima mrefu nyuma, unaipiga ukiwa na mzunguko wa 1 au wa 2. Ofisi ilituuzia safari kwa picha hiyohiyo halafu ikanunua mzunguko wa 3, wa chini, kwa sababu ilichelewa kununua. Tumegundua getini. Mzunguko wa 3 una mambo mazuri, Hekalu la Jua liko kule na ile kazi ya mawe ukiisogelea unaona hata kisu hakipiti katikati, lakini kuna mzee wa Kikorea kwenye kundi alikuwa ameisubiri picha ile miaka mingi, alikuja na picha ya marehemu mkewe aishike pale. Kiongozi alizunguka kila ofisi getini akiomba, haikuwezekana. Kwahiyo kabla ya kulipa, andikiwa kwenye risiti namba ya mzunguko, na pasipoti yenyewe ubebe, siyo kopi, majina wanayalinganisha mlangoni.

Ukiwa mtu wa Kilimanjaro utashangaa kitu kingine, Machu Picchu iko mita 2,430, ni chini ya Mandara, kwahiyo siku ile kila mtu alikuwa na nguvu. Kiongozi alitusimulia kuhusu Hiram Bingham wa Marekani aliyefika 1911 na vitabu vikaandika kagundua, wakati alikuta familia za wakulima zinaishi palepale zinalima kwenye matuta ya Wainka na mtoto wao ndo aliyemtembeza. Nikamwambia na sisi shuleni tulisoma mmisionari Rebmann aliugundua Kilimanjaro 1848, na babu wa babu yangu alikuwa na mgomba chini yake. Tukapeana mkono pale kwenye mawe.

Siku ya mwisho Cusco. Nendeni Qorikancha, Wahispania walijenga konventi juu ya hekalu la Wainka, tetemeko la 1950 likabomoa sehemu ya konventi na kuta za Wainka zikabaki zimesimama. Soko la San Pedro kwa juisi na supu. Boleto Turístico, tiketi ya pamoja ya watalii, ni soles 130 inakuingiza Sacsayhuamán, Pisac, Ollantaytambo, Moray, Chinchero na kwingine, Maras unalipa kivyake, hakikisha kama imo kwenye bei yako, yetu ilikuwemo.

Kwa hiyo kwa hesabu yangu, kiongozi 10, vijiji 10, chakula 8, ofisi 4. Ningeenda tena? Ndiyo, ila ningemtafuta kiongozi yule moja kwa moja, na ningependekeza Mei hadi Septemba kwa sababu ya ukame, na koti zito la usiku, lile unalolala nalo Kibo litakufaa. Ofisi niliwaandikia kurasa mbili. Baada ya wiki tatu walinijibu, wakawarudishia watu wote 12 dola 60 za tiketi, na wakasema usiku wa kwanza wameuhamishia Urubamba. Kuhusu hema hawakujibu, nimeandika tena.

Chumvi ya Maras nilinunua kilo mbili. Moja nimempa mama Marangu, anaitia kwenye machalari, ndizi zetu za kupika, na juzi amenipigia kuuliza kama yule wa Toronto anarudi tena kule.